Fedha za Mchezo, Mtihani wa Wingu na Wiki Tano Zilizobaki

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 24, mkazi wa Mbagala Rangi Tatu. Nilihitimu stashahada ya TEHAMA miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nimekuwa nikifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala Kariakoo, ambako huingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Mwezi huu nimeona tangazo la nafasi ya msaidizi wa TEHAMA katika kampuni moja ya mizigo iliyopo Posta. Miongoni mwa sifa ambazo zitampa mwombaji nafasi nzuri zaidi wametaja cheti cha msingi cha huduma za wingu (yaani kukodi kompyuta na hifadhi za mbali kupitia intaneti) cha Amazon Web Services, kile kiitwacho Cloud Practitioner. Nimeshatuma maombi, na usaili unatarajiwa baada ya wiki tano.

Zamu yangu ya mchezo ilifika wiki iliyopita na kijumbe amenikabidhi shilingi 480,000. Sasa kila mtu ana la kunishauri. Kuna mwalimu mwenye darasa Kinondoni, siku nne za mwisho wa wiki kwa shilingi 400,000 bila ada ya mtihani, ambaye anasema hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kufeli. Kaka mmoja niliyesoma naye chuo anauza kwa shilingi 30,000 faili la maswali ambayo anadai ndiyo yaleyale yanayotoka, na anasema kusoma ni kujichosha bure. Mama yangu anasema fedha hizo ninunue cherehani, kwa kuwa cherehani haina mtihani.

Kompyuta yangu mpakato ni ya zamani lakini inafanya kazi, na intaneti natumia bando la simu. Kiingereza changu cha kusoma si kibaya, ila nikibanwa na muda hurudia sentensi moja mara tatu. Je, muda huu unatosha? Nilipie darasa, ninunue faili, au niachane na jambo hili?

Wako,
Binti wa Rangi Tatu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hesabu, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi. Ada ya mtihani huo ni dola 100 za Marekani, ambazo kwa viwango vya karibuni vya kubadilisha fedha ni takribani shilingi laki mbili na nusu, na kodi inaweza kuongezwa juu yake wakati wa kulipa. Ukitoa 400,000 za darasa katika 480,000 zako utabaki na 80,000, yaani utakuwa umesomea mtihani ambao huwezi kuulipia. Hata kama ungekuwa na fedha za ziada, bado ningekushauri uziache mfukoni. Mtihani huu umetungwa kwa ajili ya watu wanaoanza, wakiwemo watu wa mauzo na wa uhasibu ambao hawajawahi kugusa seva (kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine), kwa hiyo mtu mwenye stashahada ya TEHAMA, anayejua anwani ya IP ni nini na hifadhidata ni nini, hatoki mbali kama anavyodhani. Amazon wenyewe wana tovuti ya mafunzo iitwayo Skill Builder, na humo kozi ya Cloud Practitioner Essentials ni ya bure, na kuna seti rasmi ya maswali 20 ya kujipima, nayo ya bure. Mwalimu wa Kinondoni anafanya biashara halali, ila mteja wake ni mtu asiyeweza kujisukuma mwenyewe, na barua yako haisomeki kama ya mtu wa namna hiyo. Kuhusu mwalimu ambaye hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kufeli, ama hana wanafunzi wengi au hana kumbukumbu nzuri.

Faili la shilingi 30,000 ni jambo jingine kabisa, na hapa sitazunguka. Kila mtahiniwa hukubali masharti ya kutotoa nje maswali aliyoyaona, na mtu anapokuambia kwamba anauza yaleyale yanayotoka, ama anakiri kwamba ni maswali yaliyoibwa au anakudanganya. Ikigundulika kwamba uliyatumia, matokeo yanaweza kufutwa, cheti kikachukuliwa na wewe ukazuiwa kufanya mitihani yao mingine. Tuseme isigundulike: mafaili ya namna hii huwa yamejaa majibu yasiyo sahihi na maswali ya toleo la zamani, ilhali toleo la sasa, lenye alama CLF-C02, lilianza kutumika Septemba 2023. Kisha kuna usaili. Mtu wa Posta akikuuliza ni nani anayewajibika kuweka viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba mianya) kwenye mfumo endeshi, yaani programu kuu, wa seva uliyoikodi, hatakupa vipengele A hadi D. Maswali ya mazoezi yaliyotungwa na walimu, yenye maelezo ya kwa nini jibu hili ni sahihi na lile si sahihi, ni halali na utayahitaji sana, kwa hiyo usiyachanganye na hayo ya faili.

Sasa mtihani wenyewe. Una maswali 65 kwa dakika 90. Maswali 50 ndiyo yanayohesabiwa na 15 ni ya majaribio yasiyo na alama, lakini hutaambiwa ni yapi, kwa hiyo ukikutana na swali geni kabisa usitaharuki, huenda ni mojawapo ya hayo. Alama hutolewa kwa kipimo cha 100 hadi 1,000 na kufaulu ni 700. Huhitaji kufaulu kila sehemu peke yake, kinachoangaliwa ni jumla, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo ni kosa kuacha swali wazi. Sehemu ni nne: dhana za wingu asilimia 24, usalama na uzingatiaji wa kanuni asilimia 30, teknolojia na huduma asilimia 34, gharama na malipo asilimia 12. Wanafunzi wengi hutumia wiki nzima kwenye dhana, kwa kuwa ni nyepesi na zinapendeza, wakafika kwenye usalama wakiwa wamechoka. Wewe anza na usalama.

Na ukianza na usalama, anza na mgawanyo wa wajibu kati ya Amazon na mteja, kwa sababu maswali mengi hurudi hapo kwa sura tofauti. Ufikirie kama nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anawajibika kwa ukuta, paa, lango kubwa na nyaya za umeme. Wewe mpangaji unawajibika kufunga mlango wa chumba chako na kuchunga ni nani umempa ufunguo. Vivyo hivyo kampuni inalinda majengo, mitambo na miundombinu yake, nawe unalinda data yako, akaunti za watumiaji wako na ruhusa unazozitoa. Mfano huu una mpaka ambao watunga maswali wanaupenda, nao ni kwamba mstari wa mgawanyo husogea kulingana na huduma. Ukikodi seva ya EC2, kuweka viraka kwenye mfumo endeshi ni kazi yako. Ukitumia hifadhidata ya RDS, kazi hiyo ni yao. Ukitumia Lambda, seva huioni kabisa, unaleta programu yako tu. Ukiweza kumweleza mama yako tofauti ya hizo tatu kwa Kiswahili, bila kutumia neno hata moja la kitabuni, umeielewa.

Ushauri huohuo uutumie kwa kila huduma. Usinakili maelezo ya Kiingereza kwenye daftari, maana mkono utachoka na kichwa hakitabaki na kitu. Kata karatasi ngumu vipande vidogo (dukani kwenu hazikosi), upande mmoja andika jina la huduma, upande wa pili sentensi moja ya Kiswahili chako inayosema inatatua tatizo gani. Kwa foleni ya Barabara ya Kilwa, safari yako ya asubuhi na ya jioni ni darasa ambalo umekwisha kulilipia nauli. Zingatia hasa huduma zinazofanana majina au kazi, kwa kuwa ndipo watu wanapoanguka. CloudWatch huangalia afya ya mitambo, yaani kichakataji kimezidiwa au la. CloudTrail hutunza kumbukumbu za nani alifanya nini na saa ngapi. GuardDuty hunusa dalili za uvamizi, Inspector hukagua udhaifu uliomo kwenye programu na seva zako, Macie hutafuta taarifa nyeti zilizomo kwenye hifadhi ya S3. Shield hukinga dhidi ya mafuriko ya maombi bandia yanayolenga kuizidi nguvu tovuti. WAF huchuja maombi yenye hila, moja moja, kwa kanuni unazoziweka. Jua pia tofauti ya kanda (sehemu ya dunia yenye vituo vyao vya data) na eneo la upatikanaji (kituo kimoja au zaidi vinavyojitegemea ndani ya kanda), na kwa nini mtu achague kanda moja badala ya nyingine: sheria, umbali, bei na huduma zilizopo. Amazon walifungua kanda ya Cape Town mwaka 2020, na kwa kampuni ya Dar es Salaam inayoshika taarifa za wateja, sababu ya sheria si ya vitabuni tu, kwani tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iweke akilini kwa ajili ya usaili.

Kwenye gharama nina neno moja la tahadhari. Walimu wengi hapa kwetu hufundisha kwamba wingu ni kama LUKU, unalipia unachotumia. Nusu ya kwanza ya mfano huo inapotosha. LUKU ikiisha, taa zinazimika na deni halipo; kwa kawaida wingu huendelea kuhesabu na ankara inakuja mwisho wa mwezi, kama zile mita za zamani ambazo wazazi wako wanazikumbuka. Ukishaelewa hivyo, njia za kulipia zinajipanga zenyewe. Malipo ya papo kwa papo ni bajaji unayoikodi kila safari, ghali lakini haikufungi. Kujifunga kwa mwaka 1 au 3 ni kulipa kodi ya nyumba kwa muda mrefu ili upunguziwe, na hapo ndipo penye Reserved Instances na Savings Plans. Spot, yaani kukodi seva zao ambazo kwa wakati huo hazina kazi, ni lifti ya lori linalorudi tupu: punguzo linaweza kufika asilimia 90, lakini mwenye lori akipata mzigo unashushwa, na taarifa unayopewa ni ya dakika 2. Ndiyo maana jibu la Spot ni sahihi pale tu swali linapoeleza kazi inayoweza kukatizwa na kuanza tena bila hasara.

Usiishie kusoma. Fungua akaunti ya Amazon Web Services. Tangu Julai 2025, anayefungua akaunti mpya anaweza kuchagua mpango wa bure unaodumu miezi 6 au hadi salio la zawadi liishe. Salio hilo huanza na dola 100 na linaweza kufika 200 ukikamilisha mazoezi machache waliyoyapanga. Chagua mpango huo wa bure, kwa sababu huo hausubiri kukuletea ankara, unafungwa wenyewe. Utaombwa kadi wakati wa kujisajili. Kadi ya benki iliyoruhusiwa kufanya manunuzi ya mtandaoni ndiyo yenye usumbufu mdogo. Kisha fanya mambo manne tu: washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kuu, tengeneza mtumiaji mwenye ruhusa chache, pandisha picha kwenye S3 na uone inavyokataa kufunguliwa na mtu wa nje, washa seva ndogo kabisa ya EC2 kisha uizime na kuifuta. Kompyuta yako ya zamani itaweza, kwa kuwa kazi nzito hufanyika kwao. Wewe unahitaji kivinjari tu. Jioni mbili za mazoezi hayo zitakusaidia kuliko video za wiki nzima. Na tukizungumzia video, zipakue kwa ubora wa chini wakati wa bando la usiku, kisha kurasa za maelezo na za maswali yanayoulizwa mara kwa mara zisome mchana, maana ni maandishi matupu na hazili data.

Umetaja Kiingereza, nami nakushukuru kwa uwazi, kwa sababu wengi hulificha tatizo hilo hadi siku ya mtihani. Mtihani hautolewi kwa Kiswahili. Ila kuna haki ambayo watahiniwa wengi wa kwetu hawaijui: mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza anaweza kuomba dakika 30 za nyongeza, bila malipo. Ombi hufanywa ndani ya akaunti yako ya mitihani KABLA ya kupanga tarehe. Ukipanga kwanza, nyongeza haitaingia kwenye mtihani huo. Badala ya sekunde 83 kwa swali utakuwa na takribani 110, na kwa mtu anayerudia sentensi mara tatu tofauti hiyo ni kubwa. Pamoja na hilo, jizoeze kusoma sentensi ya mwisho ya swali kwanza. Humo ndimo lilimo sharti: kwa gharama ndogo kabisa, kwa kazi ndogo ya usimamizi, au chagua majibu mawili. Majibu mawili huwa yanafaa, na sharti hilo ndilo linaloliangusha moja.

Kuhusu mahali pa kufanyia, mtihani unaweza kufanywa nyumbani mbele ya kamera au katika kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani hiyo, hapa jijini. Nenda kituoni. Nyumbani unatakiwa uwe peke yako chumbani, mezani pasiwe na kitu, asiingie mtu wala isisikike sauti ya mtu hadi mwisho. Nimeishi nyumba za kupanga za Mbagala na najua kwamba jirani akipiga hodi kuomba chumvi, au umeme ukikatika, au mtaa wa pili wakifungulia muziki wa shughuli, msimamizi aliye mbali hatakuwa na namna ya kukuelewa.

Kagua jina lako leo hii. Jina kwenye akaunti ya mtihani lazima lifanane na lililo kwenye kitambulisho halisi chenye picha utakachokwenda nacho. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa mlangoni pa kituo kimoja cha mitihani, akaunti yangu ikiwa na majina mawili ya chuoni na kitambulisho kikiwa na matatu, jina la babu likiwa limeongezeka, na ada haikurudi. Kama una namba ya NIDA tu na kadi yenyewe hujaichukua, kuifuatilia ofisi ya wilaya ni kazi ya wiki hii, kabla ya kufungua ukurasa wowote wa masomo.

Je, wiki tano zinatosha? Zinatosha kwa mtu anayesoma kwa muda wa saa mbili kila usiku na nusu siku ya Jumapili, lakini zinatosha kwa jaribio moja tu. Matokeo rasmi yanaweza kuchukua hadi siku tano za kazi, na anayefeli husubiri siku 14 kabla ya kurudia, kwa ada nzima mpya. Kwa hiyo tarehe yako ni mwisho wa wiki ya nne, na uamuzi wa kulipa ufanye mwisho wa wiki ya tatu, baada ya kufanya majaribio kamili matatu ya maswali 65 ukiwa na saa mezani. Ukipata zaidi ya asilimia 80 katika yote matatu, na hayakuwa maswali uliyokwisha kuyaona, lipa. Ukiwa chini ya hapo, usilipe bado. Ukishalipa na ukaona mambo yameharibika, unaweza kusogeza tarehe mradi zimebaki zaidi ya saa 24, na kusogeza kunaruhusiwa mara mbili.

Mama yako mpe heshima yake, maana kuna jambo ameliona. Cheti hiki peke yake hakimwajiri mtu, nacho huisha muda baada ya miaka 3. Usimwahidi kwamba kitaleta kazi. Mwonyeshe hesabu: ada, bando la mwezi mmoja na nauli ya kwenda kituoni vitakuachia zaidi ya shilingi laki moja, na hizo usiziguse hadi majibu yatoke, kwa sababu ndizo zitakazoanzisha ama ada ya kurudia au hiyo cherehani.

Na ikitokea siku ya usaili imefika na hujafanya mtihani, usiseme unacho wala usiseme huna habari nacho. Sema umepanga kuufanya tarehe fulani, kisha uwaombe dakika mbili uwaeleze, kwa Kiswahili, kampuni ya mizigo ingehifadhi wapi nakala za nyaraka zake za bandarini ili kompyuta ya ofisini ikiibwa kazi isisimame. Jibu lake umeshalifanyia mazoezi ulipopandisha ile picha kwenye S3.